Nyani wa Mwambani na Suruali ya Kaka Yangu

Nyani hamwogopi mwanamke. Kwetu hilo halikuwa jambo la kubishania, na nyani wenyewe walilijua kuliko sisi. Mwanamume akitokeza kichwa tu kwenye mtama, kundi zima linapanda mwamba mbio, mama na watoto mgongoni. Akitokeza mwanamke, wanamtazama. Wakubwa wao hata hawasimami. Wanaendelea kuvunja masuke na kutafuna, na ukiwakaribia sana wanakuonyesha meno. Mimi nimeonyeshwa meno hayo nikiwa na jembe mkononi, ndani ya shamba langu mwenyewe, na hasira niliyoipata siku ile sijaimaliza mpaka leo.

Ninaandika habari hizi kwa sababu wajukuu zangu wakisikia bibi yao aliwahi kuvaa suruali wakati wa Mwingereza wanacheka, wanadhani nilikuwa nafanya mchezo. Sikuwa nafanya mchezo. Nilikuwa nafukuza wezi, na niliwafukuza, na katika watu wote wa upande ule wa Ikungi hakuna aliyewafukuza kama mimi. Nasema hivyo bila kuona haya.

Nilizaliwa Unyambwa, nikaolewa upande wa Ikungi. Vita ya Wazungu ilipopamba moto, serikali ikaja kuchukua wanaume. Wengine walitiwa uaskari, wengine walipelekwa kwenye mashamba ya mkonge, mbali, kukata majani yale ya miiba. Mume wangu alikuwa katika wale wa mkonge. Aliondoka tukiwa hatujakaa sana katika ndoa, akaniachia mtoto mchanga, tembe jipya ambalo paa lake lilikuwa halijashika vizuri, na shamba.

Shamba lile nilipewa na baba mkwe nilipoolewa. Ndivyo ilivyokuwa desturi yetu Wanyaturu: kila mke na nyumba yake, na kila nyumba na shamba lake. Langu lilikuwa chini ya mwamba. Wageni wakifika Singida wanayashangaa majabali yetu, jinsi yalivyopandana, wanauliza nani aliyapanga. Sisi tuliolima chini yake tulikuwa tunajua kwamba humo juu kuna wenye nyumba. Udongo ulikuwa mzuri kupita kiasi, maana mvua yote iliyopiga jabali ilishukia kwangu. Mtama uliota mnene, unapendeza macho. Msimu wa kwanza baada ya mume wangu kuondoka, nyani waliula karibu wote.

Baba mkwe hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye ng'ombe wengi, na mtu mwenye ng'ombe wengi kila akiona shamba anaona malisho yaliyopotea. Alikuja kuangalia mabua yangu yaliyovunjika, akayasogeza kwa ncha ya fimbo, akasema, "Nakupa msimu mwingine mmoja. Wakila tena, shamba hili nalirudisha kwa ng'ombe. Wewe utakula kwa mama mkwe wako."

Kwa mtu wa leo hiyo haisikiki kama adhabu. Mama mkwe wangu alikuwa mwema, na ugali wake haukuwa na kasoro. Lakini mke asiye na kihenge chake cha nafaka alikuwa mtoto tu ndani ya boma. Hapiki anapotaka. Hawezi kumkaribisha mgeni wake, hawezi kumpelekea mama yake mzazi unga kidogo, hawezi kupika pombe akaalika watu wamsaidie kulima. Anakaa anasubiri kuitwa kula. Mimi nilikuwa na kiburi, sikatai, na nilijiapia kwamba sitaitwa kula na mtu.

Kwanza, maana mashamba ya majirani yalikuwa bado na mtama, tulijaribu njia ya serikali. Tulikwenda kwa jumbe, jumbe akapeleka habari bomani Singida, na baada ya kusubiri mpaka tukakata tamaa akaja askari wa Bwana Nyama, yule afisa wa wanyamapori, na bunduki yake. Alilala jirani na mashamba, akaamka mapema, akapiga nyani wawili. Watu wakapiga vigelegele. Tukamchinjia jogoo, akala, akaaga. Siku chache zilizofuata mwamba ulikuwa kimya, tukaanza kujisifu. Kisha wakarudi, wanaumia labda rohoni, lakini tumbo lao lilikuwa zima.

Nikakaa nikafikiri. Nyani wote huwezi kuwaua, na hata ungewaua, jabali lenye mapango na maji halikai tupu, watahamia wengine kutoka vilima vya mbele. Kwa hiyo kuwaua si kazi. Kazi ni kumfanya nyani aone kwamba kula shambani kwangu kuna taabu kuliko kuokota matunda porini. Nyani ana akili, naye anafanya hesabu zake kama mimi ninavyofanya zangu. Ilinipasa nimharibie hesabu.

Basi nikapanda dungu langu, lile jukwaa la miti tunalokaa kulinda shamba, na badala ya kupiga kelele nikanyamaza nikawatazama. Niligundua mambo ambayo miaka yote tulikuwa tunayaona bila kuyaona. Walikuwa na mkubwa wao, dume lenye sikio lililochanika, ambalo lilikaa juu ya jiwe lake peke yake na kutusimamia tukilima. Tulimwita mnyapara. Mnyapara alikuwa anatujua. Alijua saa tunayokwenda kisimani, alijua nani mvivu, alijua nani ana mtoto anayelia na hawezi kukimbia. Hakushuka mpaka aone nafasi. Na waliposhuka hawakupita mahali peupe hata siku moja. Walipita kwenye kichaka kilichokuwa kati ya jabali na mashamba yetu, wakatokea ghafla ndani ya mtama.

Jirani yangu, mke wa binamu wa mume wangu, alikuwa na shamba lililopakana na langu, naye mume wake alikuwa kwenye mkonge vilevile. Nikamwambia kichaka lazima kiondoke. Tukawaita na wanawake wengine wenye mashamba ya mwambani, tukafyeka, tukachoma, tukang'oa visiki. Ilikuwa kazi ya kuumiza viuno. Tulipomaliza, pakawa na uwanja mweupe wote kati yetu na wao. Tukakubaliana pia tupande pamoja, mvua ikishika tu, ili mtama wetu uive pamoja na tulinde pamoja, asiwepo ambaye mtama wake unaiva peke yake, akaliwa kwa niaba ya wote.

"Haya," jirani yangu akasema, amekaa chini anajipepea. "Kichaka hakipo. Sasa mwanaume wa kulinda tutamtoa wapi?"

"Nitakuwa mimi," nikamwambia.

Akanicheka mpaka akalala chali.

Nguo za kiume zilikuwa shida. Mume wangu alikuwa ameacha shati moja na koti kuukuu. Nilipolitoa koti, mama mkwe akanishika mkono. "Mwanangu, nguo ya mume aliye safarini haivaliwi na mkewe. Nguo ya mtu inavaliwa na mwingine akishazikwa. Unamwitia nini mume wako huko aliko?" Nilirudisha koti haraka. Kwanza nilimheshimu mama yule, na pili niliogopa kweli.

Lakini kaka hakuwa safarini, na hakuna aliyesema nguo ya kaka ina mwiko. Nikambeba mtoto, nikatembea mpaka Unyambwa. Kaka yangu alikuwa amefanya kazi ya barabara, akapata suruali ya kaki na kofia. Miaka ile nguo ilikuwa adimu kweli, madukani hakuna kitu, watu walirudi kuvaa ngozi. Kumwomba mtu suruali ilikuwa ni kumwomba figo.

"Dada, suruali hii ndiyo ninayoendea kanisani," akasema.

"Nenda na shuka. Mungu anakujua."

Alinung'unika siku nzima, lakini alinipa, na kofia juu yake. Ndiyo maana mpaka leo mtu akimsema vibaya kaka yangu mbele yangu, tunagombana.

Mtama ulipoanza kutoa masuke, nikaanza kazi. Nilivaa suruali nikaifunga kiunoni kwa kamba, nikavaa kofia mpaka kwenye nyusi. Jirani yangu alinifundisha kutembea, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kuwa mwanaume. "Usibebe kibuyu kichwani! Mikono iachie! Usijishike kiuno!" Nikatoka kwenye uwanja mweupe, nikaenda mzima mzima kuelekea jabali. Mnyapara akasimama kwenye jiwe lake. Akanitazama kwa muda. Kisha akabweka, na kundi lote likapanda juu.

Niseme nini? Niliimba siku nzima, moyoni, maana kuimba kwa sauti kungeniumbua. Kila siku nilitembea pembeni ya mashamba yetu yote, na kila siku walinitazama kwa mbali wakaondoka. Wanawake wenzangu wakaanza kuniamkia kwa utani, "Shikamoo mzee." Mimi nikawa naitikia kwa sauti nzito. Kichwa kilinivimba.

Siku moja baba mkwe akapita na njia ya pembeni ya shamba, anatoka kuangalia ng'ombe. Sasa, kwetu mke akikutana njiani na baba mkwe wake, anatoka kwenye njia, anapiga magoti, anainamisha macho, na hanyanyuki mpaka mzee apite. Unafundishwa hivyo tangu siku ya kwanza ya ndoa, na baadaye mwili unafanya wenyewe. Nilipomwona tu, kabla ya akili kusema neno, nilikuwa chini na suruali yangu na kofia yangu, magoti kwenye vumbi.

Mzee alishtuka akarudi nyuma. Alidhani ni kichaa. "Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Baba. Shikamoo."

"Marahaba." Akanitazama kuanzia kofia mpaka miguu. Sikuthubutu kuinua macho.

Lakini kulikuwa na mwingine aliyetutazama. Mnyapara alikuwa juu ya jiwe, na aliyaona yote. Mwanamume wa kwetu hapigi magoti njiani, na nyani wale walikuwa wamekaa nasi muda wa kutosha kulijua hilo. Nikasikia sauti yake, si ile ya kukimbia, nyingine. Nilipogeuka walikuwa wanakuja, wanakatiza uwanja tuliofyeka kwa jasho letu, mchana kweupe, hawana haraka. Waliingia kwenye mistari yangu ya mwisho wakaanza kuvunja. Mimi nikapiga kelele, hawakujali. Baba mkwe akapiga hatua chache akainua fimbo, na wote wakatawanyika.

Walimkimbia yeye. Mimi niliyekuwa mbele yake, hawakunikimbia. Mzee alisema tu, "Nimeona," akaenda zake. Nililia pale shambani kwa aibu na ghadhabu, mpaka kofia ikalowa.

Baada ya hapo suruali haikuwa na nguvu tena. Wakanijaribu kila siku, na kila siku walisogea kidogo zaidi. Nilipotulia nikaona kosa langu lilikuwa wapi. Nyani hakuwa anaogopa nguo. Alikuwa anaogopa mambo ambayo mwanaume huyafanya: anasimama wima, anawaendea, na anatupa jiwe linalofika. Mwanamke anapiga kelele, anapiga debe, kisha anarudi jikoni. Suruali ilikuwa imeniazima muda, basi. Ilinibidi nijue kutumia kombeo, na ilinibidi, mzee akipita, nisimame.

Hilo la pili ndilo lililokuwa gumu. Neno kama hilo humwambii baba mkwe mwenyewe. Nilimwambia mama mkwe, akaacha kusonga ugali.

"Unataka kusimama mbele ya baba yako?"

"Shambani tu, Mama. Nyumbani nitapiga magoti mpaka yaote sugu."

"Watu watasema nini?"

"Watasema nina mtama."

Akarudia kusonga ugali wake. Sijui alimwambiaje mzee, wala sijui mzee alijibu nini. Mimi nilichojua ni kwamba mtu anaweza kurudishwa kwao kwa utovu wa adabu mdogo kuliko huo, na roho yangu ilikaa juu juu siku zile zote.

Kisha akaja. Nilimwona kwa mbali kwenye njia ile ile, fimbo mabegani, anakuja taratibu. Magoti yangu yalitaka kwenda chini yenyewe, nikayakataza. Alifika akasimama kando yangu, wala si mbele yangu, akaelekeza uso kwenye jabali, tukawa kama wanaume wawili wanaoangalia ng'ombe.

"Habari za kazi?"

"Nzuri, Baba. Shikamoo."

"Marahaba. Yule ndiye mkubwa wao?"

"Ndiye."

"Kombeo unalijua?"

"Najifunza."

"Hebu."

Nikatia jiwe, nikazungusha, nikaachia. Jiwe lilikwenda nyuma yetu. Mzee akacheka, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka. Alichukua kombeo, akanionyesha mahali pa kushika na wakati wa kuachia. Ujana wake wote aliupitisha machungani, jiwe lake lilikwenda kugonga pale alipolitaka. Kabla ya kuondoka alisema, "Neno langu la msimu liko pale pale." Nami nikamjibu kwamba nimesikia.

Nilijifunza kombeo mpaka bega likavimba. Jirani yangu naye akajifunza, na wenzetu wengine wa mwambani. Tukagawana zamu za kisimani ili mnyapara asipate tena ile saa yake. Mtama ukaanza kuwa mwekundu.

Na hapo ndipo kaka yangu alipokuja kuchukua suruali. Alikuwa anaoa. Nilimsihi asubiri tumalize kuvuna, akasema bibi harusi hawezi kusubiri nyani. Alikuwa na haki. Akaichukua, na kofia yake, mimi nikabaki na kaniki yangu nyeusi.

Asubuhi iliyofuata mtama ulikuwa umeiva kabisa. Mnyapara alishuka na kundi lote, wakubwa kwa wadogo. Aliniona nimesimama kwenye uwanja na nguo yangu ya kike, na nadhani alifurahi. Alitembea mbele yao, mkia juu. Sikupiga kelele. Nilisubiri mpaka nikaliona lile sikio lililochanika, nikazungusha. Jiwe la kwanza lilipiga ardhi miguuni pake, akaruka. Akanionyesha meno. La pili lilimpata begani, nikasikia lilivyolia. Kisha sikumpa nafasi ya kufikiri, nikamwendea mbio, na nyuma yangu nikasikia makombeo ya wenzangu yakivuma, jirani yangu akitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Mnyapara akageuka. Akakimbia! Akakimbia mbele ya mwanamke aliyevaa kaniki, na kundi lake lote likamfuata, nasi tukawafukuza mpaka chini ya jabali, tukasimama pale tunahema na kucheka na kulia.

Walirudi siku nyingine, wachache, kujaribu. Wakakuta mawe. Kabla hatujamaliza kuvuna walikuwa wamehamia upande wa pili wa mwamba, na watoto wao waliozaliwa huko walikua wakijua kwamba mwanamke si wa kuchezea.

Kihenge changu kilijaa mpaka juu. Baba mkwe alikuja kukiangalia, nami nikapiga magoti, kwa sababu ilikuwa nyumbani na niliahidi. Alitia mkono ndani ya mtama, akaupitisha kwenye vidole. "Ng'ombe watatafuta malisho kwingine," akasema. Nilipika pombe, nikaalika watu, nikampelekea mama yangu unga Unyambwa kwa miguu yangu mwenyewe. Baadaye Bwana Shamba alikuja kuuliza tulitumia dawa gani, na wanawake wakaja hata kutoka njia ya Iguguno kututazama tukitupa mawe. Niliwafundisha wote, na sikuwafundisha kwa unyenyekevu.

Vita ilipokwisha mume wangu alirudi, mikono imekatwakatwa na mkonge, mwembamba, na mawazo mengi kichwani. Alizunguka shamba lile akaliona lilivyopendeza. Akaenda kwa baba yake kumwomba amkatie sehemu apande karanga, za kwake mwenyewe. Nilikuwa jikoni aliporudi, amesimama mlangoni, hajui aanzie wapi.

"Baba anasema shamba lile hawezi kunipa," akasema. "Anasema nije nikuombe wewe."

Nikamwambia nitalifikiria, nikaendelea na kazi yangu. Nililifikiria kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa raha zangu. Mwisho nikampa kipande cha juu, kile kinachogusana na mwamba, ili kama nyani watarudi, waanze na yeye.